Kabla ya kusifu Waingereza, zitoe santuri za nyanya chini ya kitanda

Vijana wenzangu wa Kitui na Wote, najua wengi wetu tunapenda ile pop ya magitaa ya Uingereza ya miaka ya sitini. Hata mimi. Zile sauti tamu zinazopandana, nani atazikataa?

Lakini kuna kitu kinaniudhi. Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, lilivuma na Helule Helule hadi nambari 14 kwenye chati za kwao. Wimbo ule si wao. Ni wa Daudi Kabaka, mfalme wetu wa twisti. Kwani ni wangapi kati yetu wanalijua jina hilo?

Ukambani nako ni yale yale. Kakai Kilonzo aliaga 1987, na santuri zake na Kilimambogo Brothers zinakula vumbi nyumbani kwa wazee wetu.

Sisemi tuache Waingereza. Ila wikendi hii ukienda ushago, zitoe, piga picha lebo, muulize nyanya nani aliimba, nani alipiga gitaa, kisha uandike. Tusipoyaandika haya majina, siku mgeni mwingine akivuma na wimbo wetu, tutadai vipi kuwa ni wetu?