Serikali Inapojihukumu Yenyewe

Wapo wasomi wasiochoka kuisifu Ufaransa kuwa chimbuko la haki za raia. Sifa hizo hazielezi kwamba mahakama za nchi hiyo zina milango miwili. Raia akimshitaki jirani yake, huenda katika mahakama za kawaida. Akiishitaki serikali, huelekezwa kwenye ngazi nyingine kabisa, ambayo kilele chake ni Baraza la Dola. Na Baraza hilo hilo ndilo mshauri wa serikali: miswada yake hupitia humo kabla ya kufika bungeni. Wahenga walikwisha kuonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere.

Utaratibu huu una asili yake, na si haki kuificha. Mahakimu wa zama za wafalme walinunua vyeo na kuwarithisha watoto wao, kisha wakaitumia mahakama kuzuia mageuzi. Ndiyo maana sheria ya Agosti 1790 iliwakataza mahakimu kuingilia shughuli za utawala, au kuwaita watumishi wa serikali mbele yao kwa ajili ya kazi zao. Lakini dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine.

Mwaka 1871, mjini Bordeaux, mtoto wa kike wa familia ya Blanco aligongwa na kigari cha kiwanda cha tumbaku cha serikali. Baba yake akadai fidia. Je, aingie mlango upi? Swali la namna hiyo huamuliwa na Mahakama ya Mizozo, yenye mahakimu sawa kwa sawa kutoka kila upande. Kura zikalingana. Aliyetoa kura ya uamuzi, Februari 1873, alikuwa Dufaure, Waziri wa Sheria, na kesi ikaondolewa katika mahakama za kawaida. Hata mwanafunzi wa shule ya msingi angeuliza: ikiwa mshitakiwa ni serikali, waziri wake amefikaje kwenye kiti cha hakimu?

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya kale. Mwaka 1997 Wamorocco wawili waliojificha melini walizuiliwa humo humo na polisi wa Ufaransa. Hakimu wa kawaida aliamuru waachiliwe. Mahakama ya Mizozo ikagawanyika tena, na tena Waziri wa Sheria, safari hii Jacques Toubon, akaamua: hakimu yule hakuwa na mamlaka. Mwanasheria mmoja wa mahakama hiyo, Jerry Sainte-Rose, alijiuzulu kwa kupinga.

Watetezi wa Baraza hukumbusha kesi ya Canal ya mwaka 1962, lilipobatilisha mahakama ya kijeshi iliyoundwa na de Gaulle na kumwokoa mtu aliyehukumiwa kifo. Ni kweli, na ujasiri ule unastahili heshima. Lakini ujasiri wa siku moja si utaratibu. Waziri hakuondolewa katika kiti kile hadi mwaka 2015, baada ya miaka zaidi ya 140.

Baraza lenyewe bado linashauri na kuhukumu. Mjumbe aliyeshiriki kutoa ushauri haruhusiwi kuhukumu jambo lile lile. Mwenzake wa chumba cha pili huruhusiwa. Wajumbe huazimwa na wizara, kisha hurejea. Édouard Philippe, Waziri Mkuu kuanzia 2017 hadi 2020, alitoka humo. Mlalamikaji anayepanda ngazi za Palais-Royal hana budi kuuliza hakimu wake alikuwa akifanya kazi ofisi gani mwaka jana.