Nyumba tulizojengeana tusiziuze kimya kimya

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu sisi tunaokaa katika nyumba zilizojengwa kwa kujitolea. Nasema sisi kwa kuwa nami ni mmoja wao. Nyumba yangu ya vyumba viwili na sebule, huku pembezoni mwa Dar es Salaam njia ya Mbagala, haikujengwa na kontrakta. Majirani zangu waliijenga kwa mikono yao, nami nikajenga za kwao.

Kwa wasomaji wasioujua utaratibu huu, ni hivi. Watu wa kipato kidogo, wachuuzi, makuli, mama lishe, walimu wa shule za msingi, wanaungana katika chama chao, wanatafuta ardhi, na kila mwanachama anatoa siku zake za kazi kabla hajakabidhiwa ufunguo. Fundi analipwa. Kufyatua tofali, kusomba mchanga, kuchota maji na kuchanganya zege ni msaragambo. Saruji na bati hutoka katika mkopo usio na riba, au wenye riba ndogo mno, na marejesho ya mwenye nyumba wa leo ndiyo yanayonunua saruji ya mwenye nyumba wa kesho. Mmoja akikwama, aliye nyuma yake anabaki chini ya turubai.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Millard Fuller, alikwenda na familia yake Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire na ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akaanza huko kujenga nyumba za watu maskini kwa mtindo huo. Sehemu waliyojenga iliachwa wazi wakati wa ukoloni ili kuwatenga Wazungu na Waafrika, na wenyeji waliiita Bokotola, yaani mtu asiyewapenda wenzake. Aliporudi kwao, yeye na mkewe Linda wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity mwaka 1976. Rais mstaafu Jimmy Carter naye alianza kushika nyundo pamoja nao mwaka 1984, akaendelea hata alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya tisini. Hapa kwetu wananchi walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walinunua ekari 30 kule Chamazi, wakafyatua tofali zao wenyewe. Na tusisahau kwamba Benki ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1972, ilifungwa mwaka 1995. Mchuuzi wa samaki asiye na hati wala mshahara angekopa wapi?

Wakati wa kujenga tulikuwa watu wengine kabisa. Jumapili asubuhi vijana wako kwenye mashine ya tofali, akina mama wamepanga mstari wa ndoo kutoka kisimani, wazee wanamwagilia tofali zisipasuke kwa jua. Siku ya kumwaga lenta ya nyumba ya tano mvua ilinyesha, tukaifunika zege kwa makhanga ya wake zetu. Aliyefiwa hakuuliza nani atachimba kaburi. Sufuria kubwa la chama lilizunguka nyumba hadi nyumba, harusi na misiba, na hakuna aliyeandika limekwenda kwa nani.

Sasa nyumba zimekwisha na kila mtu amefunga mlango wake. Kuta zimeota, nyingine zina vipande vya chupa juu. Sijui mwizi gani tunayemwogopa ambaye hakuwapo wakati tukilala bila milango. Mikutano ya mwezi wanakuja watu saba, na katika hao watatu ni kamati. Sufuria la chama limetoboka, halina wa kuliziba.

Katika hili nami sina usafi. Nilijenga kibanda cha duka juu ya mtaro tuliouchimba wote. Nilijiambia kwamba bomba nililoweka chini yake linatosha. Masika yalipokuja maji yakarudi nyuma yakaingia chumbani kwa jirani yangu, mama mmoja mjane, yakamlowanishia godoro na madaftari ya watoto. Hakunishtaki. Alikuja tu kuomba kuazima ndoo. Kibanda nimekibomoa, lakini aibu ile bado ninayo.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Mwezi uliopita jirani yetu mmoja aliuza nyumba yake kwa mfanyabiashara kutoka mjini. Aliuza bila kuitaarifu kamati, deni lake la chama likiwa bado, na baya zaidi, bila mke wake kujua. Mama huyo alikuwa hospitali akimuuguza mtoto wao. Aliporudi alimkuta mtu asiyemjua anapima madirisha kwa futi kamba. Ndugu Mhariri, mwanamke huyu namkumbuka mimi. Ndiye aliyesomba mchanga wa msingi wa nyumba ile akiwa na mimba ya mtoto huyo huyo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na inakataza vile vile kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka hamsini. Inakuwaje basi mashahidi wawili wakaweka sahihi kwenye karatasi ya mauziano, wote wakiwa watu wanaomjua mke yule kwa jina, na asiwepo hata mmoja aliyeuliza, shemeji yuko wapi?

Wapo watakaosema nyumba ni mali ya mtu na ana haki ya kuiuza. Kamati ilipoulizwa ilijibu hivyo hivyo. Nami sikatai. Sitaki nyumba ya maskini iwe mali nusu, ya kulala ndani tu, wakati tajiri anauza ya kwake apendavyo. Lakini jirani huyu hakuuza jasho lake peke yake. Ameuza na Jumapili zangu, na za yule mjane, na za kijana mmoja aliyevunjika kidole kwenye mashine ya tofali. Sisi tulizitoa bure ili apate pa kukaa, hatukuzitoa ili mfanyabiashara apate ghala la bei rahisi. Na deni alilobakiza lilikuwa bati za mtu aliye bado kwenye turubai. Mtu huyo yupo, ana watoto wanne, anasubiri.

Hata hivyo nilipokwenda kumwona muuzaji nilikuta jambo ambalo halikunipa raha. Mtoto alihitaji kufanyiwa upasuaji na fedha hakuwa nazo. Kwa nini hukusema? nilimwuliza. Akanijibu, nimwambie nani? Mkutano hauna watu, na nyumba zenu zina kuta. Nilitoka pale sina jibu. Wakati wa kujenga tungejua siku ile ile mtoto alipolazwa, kwa kuwa mama yake asingeonekana kwenye mstari wa ndoo.

Kwa hiyo maoni yangu kwa chama chetu, na kwa vyama vingine vya namna hii, ni haya. Anayetaka kuuza atamke mkutanoni mwezi mmoja kabla, mume na mke wakiwa wote wawili mbele ya watu, na chama kiwe cha kwanza kupewa nafasi ya kununua, kwa bei ya haki na siyo ya kumkomoa. Nyumba hiyo apewe aliye wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Deni lilipwe kabla ufunguo haujatoka mkononi. Na tuanzishe mfuko wa dharura, hata wa shilingi elfu moja kwa nyumba kwa wiki, ili mtu aliyefikwa na ugonjwa akope hapo kabla hajaangalia ukuta wake kwa macho ya dalali. Najua mkutano wenye watu saba hauwezi kupitisha lolote. Ndiyo maana napendekeza urudi Jumapili asubuhi, saa ile ile ya tofali, na uanze kwa kuzibua mtaro. Watu wetu hukutana vizuri zaidi wakiwa na majembe kuliko wakiwa kwenye viti.

Suala la nyumba ya mama yule limefikishwa baraza la kata, nalo sitaki kuliingilia kabla halijasikilizwa. Kwa sasa anakaa na mtoto wake kwa mjane niliyemlowanishia godoro, katika chumba kimoja. Mimi nimepeleka bati nilizobomoa kwenye kibanda changu ili waezeke upenu. Tumepanga kuanza Jumapili hii saa moja asubuhi, na wenye nafasi, hata wale wenye kuta za chupa, waje na misumari.

Mwenye Nyumba,
Njia ya Mbagala,
Dar es Salaam.