Piza ya mraba itazamwe chini

Wageni wengi wanaosaka kipande bora cha piza ya mraba jijini New York huanzia Manhattan, mtaa wa Prince. Duka la Prince Street Pizza lilifunguliwa hapo mwaka 2012, na kipande chake maarufu hufunikwa kwa vipande vidogo vya soseji ya pepperoni vinavyojikunja motoni na kushika mafuta yenye pilipili. Ni kitamu, hakuna ubishi. Lakini anayekitawaza kuwa bora kuliko vyote anausifu mkate kwa kilichowekwa juu yake.

Na asili ya piza hii ni mkate hasa. Waoka mikate wa Palermo, katika kisiwa cha Sicily, huuza sfincione: mkate mnene na laini, uliopakwa nyanya, vitunguu, samaki wadogo wa chumvi, jibini na chenga za mkate mkavu. Kati ya 1880 na 1920, Waitaliano zaidi ya milioni 4 walihamia Marekani, wengi wao wakitoka kusini. New York ilipoupokea mkate huo, jibini ya mozzarella ikazidi na samaki wakatoweka. Unga ukaendelea kuumuka ndani ya trei ya pembe nne iliyopakwa mafuta, ukaiva kama uliokaangwa upande wa chini.

Hapo chini ndipo pa kutazama. Kipande kizuri ukikigeuza utaona ukoko wa kahawia, unaolia ukiung'ata kama ule wa sufuria ya wali, na juu yake mkate mwepesi wenye matundu. Kama chini ni peupe na teketeke, hakuna pepperoni itakayokiokoa.

Kwa kipimo hicho, safari ni ya Brooklyn.

L&B Spumoni Gardens, iliyoanzishwa na Ludovico Barbati mwaka 1939, iko barabara ya 86. Wao hutandaza jibini kwanza, moja kwa moja juu ya unga, kisha rojo la nyanya, na mwisho jibini ya pecorino iliyokunwa. Mpangilio huo una kazi yake: jibini huzuia maji ya nyanya yasiuloweshe mkate, na nyanya ikiwa juu haipotezi ukali wake. Kipande cha kawaida hakina nyama, jambo la maana kwa asiyekula nguruwe, maana pepperoni nyingi za Marekani zina nyama hiyo. Wapo wanaolalamika kwamba chini ya jibini unga hubaki kama haujaiva vizuri. Wana haki. Ndiyo maana inafaa kuomba kipande cha kona, ambacho kingo zake mbili zimegusa chuma cha trei.

Di Fara, kwenye Avenue J, nayo haistahili kurukwa. Domenico De Marco aliifungua mwaka 1965 na kwa miongo mingi alitengeneza piza kwa mikono yake, akikatia majani ya mrehani juu yake kwa mkasi. Alifariki mwaka 2022.

Popote mtu atakapokwenda, aulize trei ipi imetoka motoni sasa hivi. Kipande kilichokaa kabatini hupashwa moto tena, na mara nyingi ukoko huwa mgumu huku mkate ukikauka. Afadhali kusubiri trei mpya, hata kama foleni nyuma inanung'unika.