Boti ya umeme: anza na safari, si na mota

Mtu akitaka kujitengenezea boti ya umeme, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Nitumie mota gani?" Kwa maoni yangu, hapo ndipo mradi unapoanza kwenda kombo. Mota ndiyo sehemu rahisi. Swali la kwanza liwe hili: unataka kwenda wapi, na utarudi vipi?

Boti za umeme si jambo geni. Moritz Jacobi aliendesha moja kwenye mto Neva, St. Petersburg, mwaka 1838, ikiwa na abiria zaidi ya 10. Tangu wakati huo kikwazo kimebaki kile kile: betri. Mota unaweza kuinunua mpya au kuitoa kwenye bodaboda ya umeme iliyopata ajali. Fundi wa jua kali atakutengenezea shafti na bano la kuifungia. Lakini hakuna fundi atakayekutengenezea umeme ukiishiwa katikati ya maji.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo ndoto nyingi huzama. Lita 1 ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Injini ndogo ya boti hupoteza sehemu kubwa kama joto, kwa hiyo kinachofika kwenye shafti ni chini ya 2. Betri ya lithiamu (aina ya fosfati ya chuma) ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina kilowati-saa 1.28 na uzito wa kilo 12 hivi. Ukitumia asilimia 80 ili isichakae upesi, unabaki na kilowati-saa 1. Kwa hiyo tangi la lita 20 ni sawa na betri zaidi ya 30. Ukishindana na petroli kwa umbali na mwendo wa kasi, umeshindwa kabla hujatia maji nanga.

Lakini nani alisema lazima ushindane kwa kasi? Kwa boti ndogo inayokata maji bila kunyanyuka juu yake, nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi. Tuseme boti yako ya mita 5 inakwenda kilomita 6 kwa saa kwa wati 600. Betri ile moja itakupa kama saa 1 na dakika 40, yaani kilomita 10. Ukitaka kilomita 8 kwa saa, utahitaji wati 1,400 hivi, na umbali utashuka hadi chini ya kilomita 6. Umeongeza kilomita 2 tu kwa saa, na karibu nusu ya safari imeyeyuka.

Sasa tuiweke hesabu hii baharini. Kutoka Lamu mjini hadi Shela ni kama kilomita 3. Kwenda na kurudi ni kilomita 6, saa 1 kwa mwendo wetu wa polepole, na kwenye karatasi unabaki na akiba ya dakika 40. Safi kabisa! Lakini mlangobahari ule una maji kujaa na maji kupwa. Mkondo wa kilomita 2 kwa saa ukikukabili, kasi yako halisi ni 4, na kila upande utachukua dakika 45. Maji yakigeuka ukiwa Shela na kukukabili tena wakati wa kurudi, umetumia dakika 90. Akiba iliyobaki ni dakika 10, na hujakutana na upepo bado.

Ndiyo maana nasema kifaa muhimu kuliko vyote kwenye boti hii ni kile cha kupimia, na hapo sisi tunaoandika programu tuna kazi ya maana. Wengi hufunga voltimita na kuiamini. Kwa betri ya asidi inasaidia kidogo. Kwa betri hii ya lithiamu inadanganya, kwa sababu volti hukaa karibu pale pale kwa sehemu kubwa ya chaji, kisha huporomoka ghafla mwishoni. Njia ya kuaminika ni kuhesabu umeme unaotoka: unaweka kipingamizi kidogo cha kupimia mkondo kwenye waya wa hasi, unasoma ampea kila sekunde kwa Arduino, na unajumlisha. Ongeza GPS, na skrini itakuambia jambo moja tu ambalo nahodha anahitaji: kwa mwendo huu, zimebaki kilomita ngapi. Programu hiyo si ndefu, na ina faida kuliko wati 500 za ziada.

Mambo mengine usiyafanyie mzaha:

1. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Betri ya lithiamu iliyogusanishwa waya hutoa mamia ya ampea.
2. Ukihitaji kilowati 2, tumia volti 48. Kwa volti 12 utavuta ampea 167, kwa 48 ni 42 tu, na kwa waya ule ule joto hupungua mara 16.
3. Betri ya asidi isifungiwe kwenye sanduku lisilopitisha hewa. Ikichajiwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni hulipuka.
4. Kwenye maji ya chumvi tumia waya wa shaba uliopakwa bati.
5. Beba makasia na jaketi la kuokoa maisha. Kila safari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa kuvusha watu kwenye hori, kuvua karibu na ufuo au kutembeza wageni taratibu, tengeneza leo. Lakini tusiende kwa mvuvi wa mbuta anayeingia mbali Ziwa Victoria na kumwambia auze injini yake kwa sababu tumeona video nzuri. Yeye ndiye atakayebaki kule usiku, si sisi. Tumpe kwanza hesabu ya safari yake mwenyewe, kwa kilomita zake na upepo wake. Ikikubali, mota itapatikana tu.