Uhuru wa Dhamiri Hauna Ubaguzi

Thomas Helwys, kiongozi wa Wabaptisti wa kwanza nchini Uingereza, alirejea kutoka uhamishoni Uholanzi akijua hatari iliyomngoja. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1612 alimkumbusha Mfalme James wa Kwanza kwamba mfalme ni mwanadamu, si Mungu, wala hana mamlaka juu ya roho za raia. Uhuru huo aliwadai hata Waislamu, Wayahudi na walioitwa wazushi. Alifungwa katika gereza la Newgate. Kufikia 1616 alikuwa amefariki.

Ndugu waumini, huo ndio unabii. Kanisa linalojitetea lenyewe huku likinyamazia minyororo ya jirani halidai haki, bali laomba upendeleo. Na apendelewaye na mtawala hufungwa mdomo. Mimbari zetu na zimtetee asiye wetu.