Muguka ilikuwa inanituliza

Wenzangu wakitafuna muguka wanachangamka, wanapiga stori hadi asubuhi. Mimi nilikuwa natulia. Siku ya kwanza, nikiwa mwaka wa pili kampasi, nilisoma masaa manne bila kuinuka. Nikajua nimepata dawa. Mwaka uliofuata sikuwa nalala, nikaacha chuo, na mamangu akaanza kuficha pesa.

Rehabu waliniuliza natafuna kiasi gani na nilianza lini. Hakuna aliyeuliza kama nilikuwa yule mtoto wa kupoteza sweta kila wiki na kuchapwa juu ya kutotulia darasani. Nilikuwa. Inaitwa ADHD, nami niliambiwa nikiwa na miaka 22.

Muguka na miraa zina kathinoni, ndugu ya amfetamini, na dawa nyingi za ADHD pia ni vichangamshi. Sasa msininukuu vibaya: daktari hupima dozi, na muguka haina kipimo. Tena kuna dawa zisizo vichangamshi, za watu kama sisi tuliowahi kunaswa.

2024 Mombasa ilipiga muguka marufuku, korti ya Embu ikasimamisha, tukabishana kuhusu wakulima na ushuru. Sawa. Lakini ukinyang'anya kijana kitu pekee kinachomtuliza, atatafuta kingine. Mimi nilihamia pombe.

Rehabu ziulize kuhusu utoto, maana mtu akiwa bado anatafuna hata asiye na ADHD hukosa utulivu. Halafu zitibu zote mbili pamoja, si eti acha kwanza ndio tuone.

Mimi niko mwezi wa saba bila kutafuna. Sweta bado napoteza.