Mlima Usio na Njia Una Wenyewe

UPEPO WA KASKAZINI
Na Halima Guyo

Msimu wa ukavu, matatu zilizojaa wapanda milima kutoka Nairobi husimama hapa Isiolo kununua maji, kisha hushika barabara ya Moyale kuelekea Ololokwe, lile jabali lililo kando ya lami ukishapita Archers Post. Wachache hukata kona ya Wamba kuutafuta Warges, kilele cha mita 2,688 katika milima ya Mathews. Karibuni sana. Ila jinsi mnavyopanda inanitia wasiwasi.

Mlima Kenya una malango, vibanda na askari wa KWS wanaoandika jina lako ukiingia na ukitoka. Huku kwetu njia ni vijia vya ng'ombe, vilivyokanyagwa na Wasamburu wanaopandisha mifugo kufuata nyasi kiangazi kikikaza. Mvua ikinyesha, kikwata hufunga kila mahali, na mgeni hawezi kujua kijia kipi ni cha ng'ombe na kipi ni cha ndovu. Ramani ya simu haijui hilo. Kijana wa pale analijua. Nilimwona mmoja akiinama, akapasua kinyesi cha ndovu kwa kijiti, akagusa ndani kwa kidole. Kilikuwa na joto bado. Bila maneno mengi akatuzungusha ng'ambo ya bonde, na muda si muda tukasikia matawi yakivunjika kule tulikotaka kupita.

Kijana kama huyo hulipwa kwa kupatana, tena watu wakishashuka, wamechoka na wana haraka ya kurudi mjini. Hiyo ni dhuluma. Anayeuza safari Nairobi anajua bei yake mapema. Ujira wa mwongozaji nao ujulikane mapema, wazee wa eneo wakiwa wameuridhia. Na kaunti za Isiolo na Samburu zikipata fedha za utalii, zisikimbilie kuchonga ngazi na kujenga malango. Wafunzeni vijana hawa huduma ya kwanza, wapeni redio za mawasiliano, wekeni daftari la majina pale Archers Post ili asiyerudi ajulikane jioni ile ile.

Hospitali ipo Wamba, lakini ukivunjika mguu juu ya Warges, kwanza ubebwe hadi chini. Atakayekubeba ni yule yule uliyembania shilingi mia tano.